Huduma ya kusomewa sarafu za zamani pale Kisutu: nyota nne, na sababu zangu

Wakuu, kama kwenu kuna kopo la maziwa, mfuko wa Rambo au boksi la viatu limejaa sarafu za zamani na hamna anayejua ni za lini wala zina thamani gani, kuna mzee mmoja Kisutu anafanya kazi ya kuzisoma na ndo kwanza amemaliza za kwetu, kwa hiyo naandika wakati bado nina moto wa hili jambo. Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja aliyokosa nitaielezea huko mbele, ila niseme mapema kabisa kwamba kama mtu ana sarafu za ukoo na anafikiria kumpelekea mtu yeyote, aanzie kwa huyu.

Kwanza huduma yenyewe, maana wengi wakisikia wanadhani ni duka. Huyu mzee hanunui na hauzi. Unampelekea sarafu zako, anazipanga kwa umri kuanzia ya zamani kabisa mpaka ya juzi juzi, anakwambia kila moja ni ya nchi gani, mwaka gani, madini gani, hali yake ikoje, na kwa wakusanyaji inahesabika ya kawaida au adimu, halafu anaiweka kwenye kikadi cha karatasi ngumu chenye kidirisha cha plastiki na kuandika maelezo kwa mkono. Bei ni elfu moja kwa sarafu, kikadi humo humo. Zikijirudia za aina moja na mwaka mmoja anakuhesabia moja tu, nyingine anazifunga pamoja. Ile yenye utata ambayo lazima aipime na kukaa nayo chini ni elfu tano. Kwa kazi anayofanya naona ni bei ya haki kabisa, na hilo la kwamba hanunui ndo limenifanya nimwamini kuliko kingine chochote, sababu mtu anayekwambia sarafu yako ina thamani gani hatakiwi kuwa ndo huyo huyo anayetaka kuichukua. Mjini hapa nimeshaona mtu anaambiwa "hii ya kawaida tu mama, nakupa elfu mbili", na ukimwangalia msemaji usoni unaona kabisa macho hayajatoka kwenye hiyo sarafu.

Sasa kazi yenyewe. Kopo letu lilikuwa la babu mzaa baba, alikuwa mtu wa reli, amefanya kazi Tabora miaka mingi kabla ya kuhamia Dar, na ndani yake kuna vingine viliongezwa na bibi mzaa mama ambaye ni mtu wa Unguja, na sisi wajukuu tukatupia tulivyotupia. Mzee alitandika kitambaa cheusi mezani akazimwaga zote, hakuuliza habari ya bei wala hakushtuka na chochote, aliuliza kitu kimoja tu.

"Hizi zimetoka kwa nani na huyo mtu aliishi wapi?"

Nikamweleza. Akasema vizuri, hiyo ni nusu ya kazi, akachukua sumaku ndogo ya kawaida akaipitisha juu ya lile rundo. Yaani hapo hapo zikajigawa. Zilizoruka na kunasa zote zilikuwa za juzi, shilingi moja za kuanzia 1987, senti hamsini za 1988 kuendelea, shilingi ishirini za tembo na mwanawe zilizoanza 1990, na ile jero ya nyati iliyotoka 2014. Zilizobaki kitambaani ndo za zamani zaidi, maana senti na shilingi zetu za kwanza kabisa za 1966 zilikuwa za shaba na nikeli na sumaku haizigusi, na za mkoloni wa Kiingereza nazo hivyo hivyo. Akanieleza kwamba hapo unaiona kabisa nchi ilipoanza kutafuta chuma cha bei nafuu cha kutengenezea sarafu, kwa sababu thamani ya shilingi ilikuwa inashuka na huwezi kutengeneza sarafu kwa madini yenye bei kuliko sarafu yenyewe. Hii ya sumaku mtu yeyote anaweza kuifanya nyumbani bure, na kwa sarafu za kwetu inafanya kazi vizuri sana.

Baada ya hapo akatenga zenye tundu katikati na zisizo na tundu. Watu wengi nyumbani wanadhani zote za tundu ni za Mjerumani, siyo kweli. Mjerumani alitoa za tundu za heller, yaani senti za rupia yake, heller kumi kuanzia 1908 na heller tano kuanzia 1913, mpaka 1914, lakini nyingi mnazoziona majumbani ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ya Mwingereza, senti moja, ndururu na senti kumi, zile zenye pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Hizo zilianza 1921 na 1922 zikaenda mpaka miaka ya sitini. Za mwisho ni ndururu na senti kumi za 1964 ambazo hazina jina la mfalme wala malkia, kwa sababu nchi zilishapata uhuru na hakuna aliyetaka jina la Malkia kwenye chenji yake.

Sasa hapa ndo pa kukaa kidogo. Kwenye hizo za tundu kulikuwa na senti kumi moja chafu, imekuwa kahawia iliyoiva, ukingo umelika, mimi ningeipita. Mzee akaiweka chini ya lenzi akanisogezea. Sarafu za tundu hazina picha ya kichwa cha mfalme, nafasi haipo, kwa hiyo jina ndo linazunguka kwa herufi ndogo ndogo juu. Nikasoma taratibu, ukutu umejaa kwenye herufi, E, D, W, A, R, D, V, S, halafu VIII. Mwaka 1936. Huyo ni Edward wa Nane, mfalme aliyekaa kwenye kiti kuanzia Januari mpaka Desemba ya mwaka huo huo akaachia ngazi ili amuoe mwanamke aliyempenda. Kule kwao Uingereza wananchi hawakuwahi kushika sarafu yake mkononi kwa matumizi ya kawaida, maana aliondoka kabla hazijatolewa, ila huku kwetu senti zenye jina lake zilikuwa zimeshatengenezwa na zikaingia sokoni, watu wakanunulia chumvi na kiberiti. Nikamuuliza kwa hiyo hii ni hela nyingi? Akasema hapana mwanangu, zilitengenezwa nyingi sana, ni sarafu ya bei ya chini kabisa, ila itunze. Nimeitunza, na katika kopo zima hiyo ndo nimewaonyesha watu wengi zaidi.

Hilo jibu lake ndo linanipeleka kwenye jambo ambalo nataka wadau mlielewe, kwa sababu kuna upotoshaji mkubwa mno mtaani. Umri wa sarafu siyo bei ya sarafu. Watu wanashika kitu cha 1950 wanaanza kuota kiwanja Kigamboni. Mzee alinieleza kwamba kuna sarafu ndogo za shaba za Warumi, za enzi za mfalme Konstantino, zina miaka elfu moja na mia saba, na kwa wauzaji wa Ulaya zilizochakaa zinauzwa kwa hela ndogo kuliko sarafu nyingi za miaka mia tu iliyopita, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni na mpaka leo bado zinafukuliwa. Kinachopandisha bei ni zilitengenezwa ngapi, zimebaki ngapi, yako ina hali gani na wangapi wanaitafuta. Umri unaingia humo ila hauko peke yake.

Chukua mfano wa hapa hapa kwetu. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile yenye mizani upande mmoja, ina mwaka 1299 wa hijria. Bibi alituachia mbili. Nyumbani tulikuwa tunabishana kwamba zina zaidi ya miaka mia saba, kila mtu anakomaa na hiyo 1299 anaisoma kama mwaka wa kawaida. Mzee akanifundisha hesabu: chukua mwaka wa hijria, zidisha kwa 0.97, jumlisha 622. Inakuja 1882. Kwa hiyo zina miaka mia moja na arobaini na kitu, siyo mia saba, na zinapatikana. Lakini senti za Zanzibar za 1908 za Sultani Ali bin Hamud, ambazo ni changa kwa miaka ishirini na sita, hizo ndo adimu za kweli na watu wanazitafuta dunia nzima. Changa ina bei kuliko kongwe, na sababu ni kwamba zilizobaki ni chache.

Na Tabora. Hapa mzee alichangamka aliposikia babu alikuwa Tabora. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia manowari za Waingereza ziliziba bahari, Mjerumani akawa hawezi kuletewa sarafu kutoka kwao, basi 1916 wakaanza kutengeneza zao wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora. Wakatoa heller tano za shaba ya njano, wakatoa heller ishirini kwa shaba nyekundu na ya njano, na wakatoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ina tembo amenyanyua mkonga na mlima nyuma yake. Ya dhahabu zilitoka elfu kumi na sita na kitu tu. Kwenye kopo letu haikuwepo ya dhahabu, ilikuwepo heller ishirini moja, nzito nzito, imechongwa hovyo ukilinganisha na zile za kutoka Berlin, taji limepinda, maandishi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, jina la koloni la Mjerumani, na 1916 na herufi T ya Tabora chini. Niliishika muda mrefu. Babu amefanya kazi kwenye hiyo hiyo reli miaka mingi baadaye, na kuna mafundi waliosimama kwenye hizo karakana wakapiga hicho chuma vita ikiwa inawasogelea. Mzee akasema hizo za Tabora hata zikiwa mbaya zinapendwa na wakusanyaji, na tafadhali asije mtu akaisugua.

Kusugua. Jamani, acheni kusugua sarafu. Limao, majivu, dawa ya meno, stilwaya, zote mbaya. Ile rangi nyeusi au kahawia iliyokaa juu ni umri wenyewe, wakusanyaji wanaitaka, ukiing'arisha umeshusha thamani na hairudi tena. Na jambo la pili, albamu laini za plastiki zinazonukia kama pazia jipya la bafuni. Nilinunua moja duka fulani Kariakoo, muuzaji akaniapia ni maalum kwa sarafu, mzee aliinusa tu akaiweka pembeni, akanionyesha shilingi zetu mbili zilizokaa humo zilikuwa zimeshaanza kutoa utando wa kijani unaonata. Hiyo ni plastiki ya PVC, ikikaa na joto la Dar inatoa kemikali inayokula shaba. Aliziloweka zile shilingi kwenye dawa yake akaziokoa, bila kuongeza bei.

Turudi kwenye umri, maana hiki ndo kitu ambacho sikutegemea kukipata kwenye huduma ya elfu moja moja. Alipomaliza kuzipanga alichukua karatasi ndefu akachora mstari, huku mwanzo 1882, huku mwisho 2014, akawa anaweka nukta kwa kila sarafu kwenye mwaka wake. Nilidhani nukta zitatawanyika. Hazikutawanyika hata kidogo. Zilijikusanya mafungu mafungu, na katikati kuna miaka mitupu kabisa. Fungu dogo la Mjerumani kuanzia 1904 mpaka 1916, halafu karibu patupu, fungu kubwa la Mwingereza miaka ya hamsini mpaka 1964, fungu kubwa zaidi la senti zetu za 1966 mpaka mwanzoni mwa themanini, halafu shilingi moja moja za 1987 mpaka 1992 zimejaa kama mchanga, na baada ya hapo chache chache tu.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema sarafu haibaki nyumbani kwa sababu ni nzuri, inabaki kwa sababu imekufa. Inapokuwa hai inatoka, inaenda dukani, inaenda kwenye nauli. Siku serikali inapobadilisha fedha au bei zinapopanda mpaka ile sarafu hainunui kitu, ndo inatupwa kwenye kopo na inakaa humo. Sasa ukiutazama ule mstari unaielewa nchi nzima. Mjerumani anaondoka, heller zinabaki kwenye makopo. Benki Kuu inafunguliwa Juni 1966, sarafu mpya zenye sura ya Mwalimu zinatoka, samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye hamsini, mwenge kwenye shilingi, na zile za pembe za ndovu zinaanza kuishia ndani. Kisha miaka ya themanini shilingi inashushwa thamani, bei zinapaa, senti zote zinakufa kwa mkupuo, ndo maana kila nyumba Tanzania ina ndururu za samaki za pembe kumi na mbili. Na ukifuata sarafu kubwa zilivyokuja unaiona ngazi yenyewe, kumi 1987, ishirini 1990, mia 1993, hamsini ya kifaru 1996, mia mbili ya simba 1998, mia tano 2014. Kila ikija kubwa, ndogo inaingia kopo.

Kwa hiyo kopo la ukoo siyo sawa na mkusanyiko wa mtu anayenunua. Anayenunua anajaza mapengo, anataka kila mwaka uwepo, anaweza kuwa na kitu cha miaka elfu mbili kando ya kitu cha jana. Kopo la nyumbani lina umri wa watu walioishi kwenye hiyo nyumba. La kwetu linaishia kama miaka mia na thelathini kutoka mwanzo hadi mwisho, na mzee anasema kwa makopo ya Dar hiyo ndo kawaida, mengi yanaanzia kwa Mjerumani au Barghash na kuishia kwenye chenji ya juzi, asikudanganye mtu kwamba la kwenu ni la ajabu au ni bovu. Mi ile karatasi ya mstari nimeipeleka kwenye fremu kabisa. Haikuwa kwenye bei, alichora tu kwa kupenda kazi yake.

Nikiwa pale akaingia mama mmoja, mtu mzima kidogo, ametoka Mbagala na kijana wake. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu karibu. Akafungua leso, ndani sarafu moja kubwa nyeupe ya fedha, ina mwanamke mnene wa Kizungu na mwaka 1780. Kijana anasema tumeambiwa hii ni ya miaka mia mbili na arobaini na kitu, kuna mtu anataka tumpe hela ya dalali kwanza halafu atuletee mnunuzi wa milioni themanini.

Mzee aliiweka kwenye mizani, akaangalia ukingo na lenzi, akakaa kimya kidogo ndo akaongea.

"Mama, hela ya dalali mmeshatoa?"

"Bado."

"Basi msitoe."

Akawaeleza taratibu. Ile ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki 1780, na baada ya kufa kwake ile sarafu ilikuwa inapendwa sana na wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu, hawaamini nyingine, kwa hiyo ikaendelea kutengenezwa na mwaka ule ule 1780 usiobadilika, Vienna, baadaye hata Roma, London na Bombay, mpaka karne ya ishirini. Yaani mwaka ulioandikwa siyo umri wake. Zile za kweli za 1780 zipo ila ni za kutafuta kwa alama ndogo ndogo, na yao haikuwa hiyo. Akasema hata rupia za India zenye mwaka 1862 ni hivyo hivyo, ziliendelea kutoka na mwaka huo huo mpaka miaka ya 1870. Lakini akawaambia ni fedha halali, ina uzito wake, mkitaka kuuza msikubali chini ya bei ya fedha iliyomo, nendeni kwa sonara zaidi ya mmoja mkalinganishe, na kama alikuachia mama yako mimi nakushauri uiweke. Hakuwatoza kitu. Yule mama alitoka amenyooka, siyo kwamba amefurahi, ila kijana wake aliniambia mlangoni kwamba walikuwa wanauza mbuzi wapate hiyo hela ya dalali.

Hili la madalali wa rupia linaniuma sana na nalisema wazi. Kuna watu wanazunguka na habari za rupia ya Mjerumani inayovuta mchele, rupia yenye nguvu, rupia ya 1890 ya mamia ya milioni. Rupia ya 1890 ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye Kaiser amevaa kofia ya chuma na upande wa pili simba na mnazi, ni sarafu nzuri ya fedha ya gramu 11 na ushee, ina wanunuzi wake wa heshima duniani na bei yake inajulikana, na hamna fedha wala shaba yoyote inayovuta mchele. Mzee ana mizani ya sonara na vitabu vya vipimo, dakika chache anakwambia yako ni halisi au ni ya kumwagwa kwenye kalibu juzi. Kwa hilo peke yake huduma hii inaokoa watu.

Kitu kingine nilichoheshimu, hagusi sarafu zilizofukuliwa. Pwani yetu ina sarafu kongwe kuliko hizi zote, masultani wa Kilwa walikuwa wanatengeneza za shaba zao wenyewe karne nyingi kabla ya Mreno kufika, chache zimeonekana hadi visiwa vya Wessel kule Australia mwaka 1944, na Mtambwe Mkuu Pemba 1984 ilifukuliwa hazina ya zaidi ya sarafu elfu mbili za fedha za karne ya kumi na moja. Lakini sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na ukiokota shambani au ufukweni unatakiwa kutoa taarifa kwa wahusika, siyo kuingiza mfukoni. Mtu akimletea anamwelekeza Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, basi. Mi nadhani yuko sahihi asilimia mia, sarafu ya Kilwa ikishatolewa ardhini bila kujulikana ilikaa wapi na nini, historia yake nusu imepotea.

Sasa malalamiko, maana nyota moja nimeibana. Chumba chenyewe kiko ghorofa ya kwanza kwenye jengo la zamani, ngazi za giza, hakuna bango, hakuna lifti, mtu mzee au mgonjwa wa magoti atapata tabu kweli. Feni moja. Simu anapokea akitaka. Kazi aliyosema ya wiki moja ilichukua zaidi ya hapo na hakunipa taarifa mpaka nilipomfuata mwenyewe. Risiti mpaka uombe. Na kubwa zaidi, maelezo anaandika kwa kalamu ya wino ambao ukiushika na jasho unachafuka, vikadi vitatu vya kwetu vimeshafutika na ilibidi niandike upya kwa penseli, wakati kazi nzuri namna hii ingestahili orodha iliyochapwa yenye picha, ambayo hata ukiibiwa unaweza kuonyesha ulikuwa na nini. Nilimwambia hilo akasema mjukuu wake atakuja kumsaidia na kompyuta. Sina uhakika ni lini.

Mkitaka kwenda, mwendokasi mnashuka kituo cha Kisutu ni mwendo mfupi tu, ukiwa na gari parking ni shida usijaribu. Nendeni asubuhi, Ijumaa mchana hayupo. Msiweke sarafu zote kwenye mfuko mmoja zikawa zinagongana njiani, funga funga kwenye vipande vya karatasi au pamba. Msizioshe. Na kabla ya kwenda kaeni na wazee wenu mwaulize ilikotoka kila moja wanayoikumbuka, mwandike, kwa sababu mzee atakusomea mwaka na madini ila hawezi kukusomea nani alikuwa nayo na ilifikaje kwenu. Shangazi yangu alikumbuka kwamba shilingi ya simba ya 1946, mwaka wa mwisho zilipokuwa bado na robo fedha ndani, ilikuwa kwenye mahari ya bibi. Hiyo imeandikwa kwenye kikadi chake sasa, kwa penseli.

Tumebakiza mfuko wa za nje, Kenya, Uganda, Msumbiji, kuna za India nyingi na nyingine za Kiarabu hata hatujui pa kuanzia. Mzee amekubali kuzifanya zote kwa bei ya jumla tukizipeleka kwa pamoja, kwa hiyo wenye mzigo mkubwa ongeeni naye, anapunguza.